Kamera Ndogo katika Mkesha wa Pasaka



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaosoma tafakari hii ya kila juma mkiwa mbali na nyumbani: kila mwaka, Oktava ya Pasaka inapokwisha, huwa ninapokea wageni wa aina moja. Wanafika ofisini, wanasalimu, kisha wanatoa simu au kamera mfukoni na kunionyesha picha nyeusi. "Padre, huyu ni mtoto wangu siku alipobatizwa." Natazama. Naona giza, doa jeupe la mshumaa katikati, na kitu kinachofanana na sikio. Ubatizo haurudiwi, na kwa familia nyingi huku Tumati picha hiyo ndiyo pekee iliyokusudiwa kutundikwa ukutani. Kwa hiyo juma hili nimeona niandike juu ya jambo ambalo wengine watasema si kazi ya padre, nalo ni namna ya kupata picha safi usiku kwa kamera ndogo ya dijitali, ile inayoingia mfukoni.

Huenda mmoja wenu akauliza kwa nini nizungumzie kamera wakati kila kijana ana simu. Ni kweli, simu za miaka hii zina maarifa ya kupiga picha nyingi kwa mkupuo na kuziunganisha kuwa moja iliyo angavu. Lakini kamera ndogo zingalipo majumbani mwetu. Zililetwa na watoto wetu walioko mijini, nyingine zilinunuliwa mitumba, na vijana waliozidharau jana wameanza kuzitafuta tena. Isitoshe, kamera ndogo humfundisha mtu kwa nini picha imeharibika, jambo ambalo simu humficha.

Tuanze na giza lenyewe. Akaaye mjini halijui giza la huku kwetu. Mawingu ya masika yakishatanda juu ya vilima vya Mbulu na ukungu ukashuka, mtu aweza kunyoosha mkono wake asiuone. Macho yetu yamejaliwa uwezo wa kulizoea giza polepole. Baada ya dakika 20 au 30 twaanza kuona njia, zizi na mti ulioko ng'ambo ya shamba. Kamera haina subira hiyo isipoamriwa. Ndani yake mna kipande kidogo cha kupokea mwanga, kiitwacho kihisi. Katika kamera nyingi za mfukoni kipande hicho ni takriban milimita 6 kwa 4.5, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ilhali filamu ya mkanda tuliyokuwa tukiitia katika kamera za zamani ilikuwa na milimita 36 kwa 24. Ukipiga hesabu, eneo la filamu ile ni yapata mara 30. Anayekinga mvua kwa kikombe hawezi kushindana na anayekinga kwa karai. Ila mwenye kikombe akivumilia kukaa mvuani, naye atapata maji ya kutosha.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya picha ya usiku. Mwanga ukiwa haba, sharti upewe muda. Kilango cha kamera ambacho mchana hufunguka kwa 1/250 ya sekunde, usiku hakina budi kukaa wazi nusu sekunde, sekunde 1, pengine sekunde 10. Na mkono wa mwanadamu hauwezi kutulia muda huo wote. Hata ukishikilia pumzi, mapigo ya moyo yatakitikisa kile kijisanduku, na picha itatoka kama iliyopigwa kutoka ndani ya basi katika barabara ya vumbi.

Kamera, kwa kuwa hujaribu kumsaidia mwenyewe, hukimbilia dawa mbili za haraka. Ya kwanza ni kuongeza ISO, yaani kukuza nguvu ya mwanga mchache uliopatikana. Lakini anayekuza sauti ya redio inayokoroma hukuza na mkoromo wake. Kadhalika kihisi kidogo, kikipandishwa ISO 800 au 1600, hujaza picha chengachenga kama zile za televisheni yenye antena mbovu, na uso wa mtu ukawa kama umenyunyiziwa mchanga. Katika kamera ya mfukoni mimi hukomea ISO 200, na nikibanwa sana 400. Dawa ya pili ni flashi, na juu ya hiyo nina neno refu kidogo.

Flashi ya kamera ndogo hufika mita 3 au 4, basi. Zaidi ya hapo mwanga wake hupungua upesi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Aliye mita 2 kutoka kwako akipata mwanga kamili, aliye mita 4 hupata robo yake, na aliye mita 8 hupata sehemu moja tu ya kumi na sita. Sasa mfikirieni ndugu yetu aliyesimama benchi la kumi na mbili, anayewasha flashi ili ampate mtoto wake kwenye kisima cha ubatizo. Atapata visogo vyeupe vya benchi la kumi na moja, na nyuma yake giza tupu. Wakati huohuo amewapofusha jirani zake, na amelivunja giza ambalo Kanisa limelitaka makusudi. Kwa maana liturujia huagiza Mkesha wa Pasaka ufanyike usiku, na taa za kanisa zizimwe, hadi mwanga uingie kutoka kwenye mshumaa mmoja na kugawanywa mkono kwa mkono.

Kuurushia usiku moto si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1905 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alichapisha kitabu chenye picha za wanyama alizozipiga usiku katika nyika za Umasaini na pande za mto Pangani. Alitumia unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali, na aliwafunga punda na ng'ombe kama chambo ili simba waje. Ulaya ilistaajabu, kwani watu wengi hawakuwa wamewahi kuona picha za namna hiyo. Nami nakiri ni picha za ajabu. Lakini ukizitazama vizuri utaona kwamba mnyama ameduwaa, macho yake yanang'aa kama vioo, na usiku wenyewe haumo. Ndivyo zilivyo picha nyingi za flashi za harusi zetu.

Nayaandika haya kwa sababu ya mzee mmoja. Alikuwa katekista kwa zaidi ya miaka thelathini, nasi sote tulimwita Mwalimu. Kila Jumamosi Kuu ndiye aliyepanga kuni za moto mpya uani mwa kanisa, na hakuruhusu mtu mwingine azipange. Mwanzoni mwa mwaka 2024 presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla jicho moja na kuanza kulila la pili, na kifua chake hakikuwa kizuri. Binti yake, afanyaye kazi Dar es Salaam, alituma kamera ndogo ya pikseli milioni 10 ndani ya bahasha nene, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: hakuwa na ruhusa ya kusafiri Pasaka ile, nyumbani hapakuwa na picha ya baba yake isipokuwa ile ya kitambulisho, na aliomba apigwe picha moja iliyo safi akiwa katika usiku wake wa moto. Aliandika "mmoja", kisha akalikata neno na kuandika "usiku wake".

Mimi usiku huo niko altareni, sina mkono wa tatu. Nikamwita msichana mmoja wa kwaya, wa kidato cha tatu, mwenye utulivu. Kila Ijumaa ya Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba, tulizima taa ya sakristia, tukawasha mshumaa mmoja, naye akajifunza.

"Shikamoo Padre. Leo nimeleta maharage," alisema Ijumaa ya pili.

"Marahaba. Ya kupika?"

"Ya kuwekea kamera."

Nilikuwa nimemweleza juu ya stendi ya miguu mitatu, ambayo hatukuwa nayo, naye akaenda nyumbani kushona mfuko wa kitambaa na kuutia kilo mbili za maharage. Kamera iliyolazwa juu ya mfuko huo, juu ya mgongo wa benchi, haiendi popote. Nawahakikishia kwamba ni bora kuliko stendi nyingi za bei nafuu, ambazo hutetemeka upepo ukipita.

Kisha ukabaki ugonjwa mwingine, wa kidole. Hata kamera ikiwa imelala salama, kukibonyeza kitufe huitikisa. Ndiyo maana kamera ndogo zote zina alama ya saa, ambayo wengi huitumia ili mpiga picha akimbie kujiunga na wenzake. Iweke sekunde 2, bonyeza, ondoa mkono. Kamera itatulia, halafu itapiga yenyewe. Tulizima pia mlio, kwa kuwa kamera ile ililia kama kifaranga kila ilipohesabu, na tukabandika kipande cha plasta nyeusi juu ya kile kitaa cha rangi ya chungwa kinachoisaidia kulenga. Kwa kuwa tulikinyima kitaa hicho, ilimbidi alenge kwa njia nyingine: anauelekeza mraba wa katikati kwenye ukingo wa mwali wa mshumaa ulioshikwa na mtu anayetakiwa, anabonyeza kitufe nusu na kukishikilia, anarudisha picha mahali pake, ndipo anabonyeza hadi mwisho.

Nilimkataza kabisa kuvuta picha karibu. Lenzi ya kamera ndogo ikivutwa hadi mwisho, tundu lake hupokea mwanga pungufu sana, mara nyingi chini ya theluthi ya ule wa mwanzo, na kila mtikisiko hukuzwa. Sogea kwa miguu yako. Na ufute lenzi kwa kitambaa laini, maana alama ya kidole chenye mafuta hugeuza kila mshumaa kuwa tufe la ukungu. Kwa baridi yetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo huligusia kwa mstari mmoja tu. Kamera ikitoka nje kwenye baridi na kuingia katika kanisa lililojaa pumzi za watu mia nne, lenzi hupata jasho. Iingize ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, iache ipate joto, kisha uitoe. Betri nayo iwekwe mfukoni karibu na mwili, kwa maana betri iliyopoa huonekana imekwisha kabla ya wakati wake.

Lililotutesa kuliko yote lilikuwa rangi. Mwalimu alikuwa mweusi sana, na siku hiyo angevaa kanzu nyeupe. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, huiona kanzu, hudhani mwanga umetosha, na kufunga kilango mapema. Kanzu inatoka vizuri na uso wa mtu unapotea. Wapendwa, hili halikuanza leo. Katika karne iliyopita maabara za kusafisha picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Uso wake ulipotoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Sisi wengine tulitoka kama tulivyotoka, na wengi wetu tunazo albamu nyumbani ambamo twaonekana meno na kola tu. Kwa miaka mingi watu wetu waliamini kwamba wao ndio "hawapendezi kwenye picha". Nimewasikia akina mama wakilisema kwa aibu, na kila mara husikitika, kwa sababu ni uongo. Dawa ni kuifanya kamera ipime mwanga kwenye uso: chagua kipimo cha nukta moja ya katikati kama kamera inacho, uelekeze kwenye shavu lenye mwanga, ubonyeze nusu. Mwali wa mshumaa utatoka mweupe kupita kiasi. Uache utoke hivyo. Sura ya mtu ndiyo inayotafutwa.

Ule umanjano wa mshumaa pia msiuondoe. Kamera nyingi hujitahidi kuufuta na kuupaka ubuluu, hata watu wakaonekana kama wako hospitalini. Tuliweka alama ya jua katika orodha ya rangi, na wekundu wa joto ukabaki.

Basi, ukafika usiku wa tarehe 30 Machi 2024. Mwaka ule mwezi mpevu ulikuwa tarehe 25, kwa hiyo mwezi haukuwa umechomoza tulipoanza saa 2 usiku, na hata kama ungechomoza mawingu yalikuwa mazito. Moto wa uani ulimshinda msichana wetu. Ndimi ziliruka, upepo uliuvuta moshi usoni kwa watu, kila mmoja alisogea huku na huku, na Mwalimu alikuwa anainama na kuinuka akizirekebisha kuni zake kwa fimbo. Alipiga picha kumi na moja pale. Nyingine saba alizipiga wakati wa maandamano, watu wakitembea.

Kanisani mishumaa ilipokwisha kuwashwa yote, na kabla taa hazijarudishwa, kuna kitambo kifupi cha kusimama kimya. Ilikuwa dakika moja hivi. Alikuwa amekwisha kuweka mfuko wake wa maharage juu ya benchi la pili upande wa wanaume. Akalenga mshumaa wa mzee, akapima shavu, akabonyeza, akaondoa mkono. Kamera ilichagua sekunde 1.

Katika sekunde hiyo waliomzunguka walifanya wanayoyafanya watu wote: walikohoa, walimgeukia mtoto, walikinga mwali usizimike, walitazama nyuma. Mzee hakufanya lolote kati ya hayo. Katika picha ile amesimama peke yake akiwa wazi, kila mkunjo wa uso wake waonekana, hata tone la nta juu ya kidole gumba, na pande zote kuna maumbo ya watu yaliyofifia na nyuzi za mwanga zilizochorwa na mishumaa iliyotikisika.

Jumapili mchana alikuja ofisini akishikwa mkono na mkewe. Msichana alimwekea kamera karibu kabisa na jicho lililobaki, lakini hakuona.

"Nieleze, mjukuu wangu. Mimi nipo?"

"Upo, Babu. Unaonekana wote, hadi vifungo."

"Na hao wengine?"

"Wengine wamekuwa kama moshi, Babu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama moto wake wa uani ulipata picha nzuri, na binti akamwambia ukweli, kwamba haukupata. Akasema mwakani angezipanga kuni chini zaidi ili ndimi zisiruke sana.

Alifariki mwezi wa Agosti. Nyumbani palitokea mabishano kidogo juu ya picha ya kutanguliza mbele ya jeneza. Wazee wa ukoo walitaka ile ya kitambulisho, kwa sababu imepigwa mchana na mtu ametazama mbele kwa heshima. Walisema hii ya mishumaa ina vivuli na watu watauliza ni akina nani hao. Sikuingilia. Mwishowe mjane alisema neno moja kwa Kiiraqw, mabishano yakaisha, na iliyosafishwa mjini Mbulu kwa ukubwa wa karatasi ya A4 ndiyo iliyobebwa.

Binti yake alifika kwa mazishi. Siku ya tatu alimwomba yule msichana amwonyeshe kamera, akaziona na picha zile kumi na nane zilizoharibika, ambazo hatukuwa tumezifuta kwa sababu tu kadi haikuwa imejaa. Mimi nilitaka kumwombea radhi msichana, kwamba mwanzoni alikuwa anajifunza. Dada yule hakunisikiliza. Alikuwa amesimama kwenye picha ya nane ya uani, iliyotikisika kabisa, moto ukiwa ni mkwaruzo wa rangi ya chungwa toka pembe hadi pembe. Alituonyesha kivuli kilichoinama, akasema ni baba, kwa fimbo. Kisha akagusa kivuli kingine kilichosimama nyuma yake kikiwa kimebeba kitu kama koti, akasema kilemba kile hufungwa namna ile na mama yake peke yake. Aliomba ile pia isafishwe, kwa ukubwa uleule.